Bastola ndogo iliyotumika na holsta yake: mwongozo kamili kwa mwenye leseni Nairobi

Kila mwezi, kwenye uwanja wa kulenga shabaha, mimi hukutana na mtu mwenye tatizo lilelile. Amenunua bastola iliyotumika kwa bei aliyoiona tamu, akaitia kwenye holsta (mfuko wa kubebea bastola mwilini) ya kitambaa aliyopewa kama nyongeza, na sasa inamning'inia kiunoni kama embe ndani ya soksi. Magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye mpini) ya pili haishiki. Shati haliifuniki. Mwingine alishalipa arbuni kabla hata Bodi ya Leseni za Bunduki haijamjibu, na muuzaji harudishi pesa.

Bastola zenyewe kwa kawaida hazina neno. Kilichoharibika ni mpangilio. Watu huanza na bastola, wakafuatisha holsta, wakakumbuka mshipi mwishoni, na karatasi zinakuja nyuma zikihema. Hapa tunaigeuza foleni: karatasi, mwili wako, aina ya bastola, mshipi na holsta, kisha ndipo bastola yenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu anayefuata njia ya leseni. Kama kuna jamaa anayekuambia ana "mguu wa kuku" wa kukuuzia mtaani bila maswali, hiyo ni kesi inayotafuta mwenyewe. Mwache nayo.

## Utakavyohitaji

Viwe tayari kabla hujatoka nyumbani:

- Kitambulisho, na cheti chako cha bunduki au idhini ya kununua
- Tochi ndogo yenye mwanga mweupe
- Risasi bandia tatu za kipimo cha bastola unayoitaka, zile za plastiki au alumini zisizo na baruti
- Penseli mpya yenye kifutio nyuma
- Kitambaa cheupe cha pamba
- Miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio
- Mshipi imara wa upana wa milimita 38
- Holsta ya aina hiyohiyo ya bastola
- Shati, koti na suruali unazovaa siku za kazi
- Sefu ya chuma iliyofungwa kwa skrubu ukutani au sakafuni

Sefu imekuja mwisho kwenye orodha, lakini inunue kwanza. Bastola ikifika nyumbani saa mbili usiku na sefu haipo, utailaza wapi? Chini ya godoro si jibu, na sheria inakutaka uihifadhi mahali salama tangu dakika ya kwanza.

## Hatua ya 1: Maliza karatasi kabla ya kuangalia bei

Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haitoi ruhusa ya jumla ya kuwa na silaha. Cheti hutaja aina ya bunduki, idadi yake, na kiasi cha risasi unachoruhusiwa. Kwa hiyo hata kama tayari una bastola halali, huwezi kuamka Jumamosi ukaibadilisha na nyingine kama simu. Kila mabadiliko yanapitia Bodi ya Leseni za Bunduki.

Kwa anayeomba mara ya kwanza, Bodi hutaka kuridhika kwamba una sababu ya maana, na kwamba wewe si mlevi wala mtu ambaye akili yake haijatulia. Utahitaji cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai), ambacho huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kuna kuhojiwa, na kuna kuonyesha kwamba unaijua silaha. Usimlipe mtu anayedai atakurukisha hatua yoyote. Cheti kilichopatikana kwa mlango wa nyuma hufutwa, na jina lako hubaki kwenye faili.

Njia za kununua ni mbili tu: kwa muuzaji wa silaha aliyesajiliwa, au kwa mwenye cheti mwenzako ambaye uhamisho wake umeidhinishwa. Hata kama ni rafiki yako wa miaka 20, mkutane kwenye kaunta ya muuzaji aliyesajiliwa. Huko kuna kitabu cha rekodi, kuna mahali salama pa kukagulia, na kuna mtu wa tatu aliyeshuhudia.

Onyo: Usitoe arbuni kabla ya idhini. Muulize muuzaji kama anaweza kukushikia bastola kwa maandishi bila malipo, na kama la, mwache amuuzie mwingine. Nyingine itakuja.

Umefaulu kama: una idhini mkononi, na muuzaji amekueleza bila kubabaika jinsi namba ya bastola itakavyoingia kwenye cheti chako kabla haijatoka dukani.

## Hatua ya 2: Pima siku yako

Chukua wiki moja uandike unavyoishi. Unakaa garini saa ngapi? Unaendesha mwenyewe, unapanda matatu, au unakwea boda? Ofisi yako ina mashine ya ukaguzi mlangoni? Unavaa shati la kuchomekea au la nje? Unabeba mtoto, na unambeba upande gani?

Haya ndiyo huchagua bastola. Glock 19, ambayo wengi huiona ndiyo kipimo cha bastola ya wastani, ina mtutu wa milimita 102 na magazini ya risasi 15, na ikijazwa hufika karibu gramu 850. Uzito huo ni zaidi ya chupa ya maji ya nusu lita, na utakuwa kiunoni mwako saa kumi kwa siku.

Kuna mtego hapa. Mtu mwembamba hudhani lazima anunue ndogo kabisa. Ndogo sana hurusha mkono kwa nguvu, ina mahali padogo pa kushika, na watu huacha kufanya mazoezi nayo kwa sababu inauma. Kwa kawaida kinachojichora chini ya shati ni kitako cha mpini. Mtutu umelala ndani ya suruali, hakuna anayeuona. Kwa hiyo ukipima, pima urefu wa mpini kwanza.

Umefaulu kama: unaweza kusema kwa sentensi moja: "Nakaa garini saa nne kwa siku, navaa shati la nje, nitavaa upande wa kulia."

## Hatua ya 3: Chagua aina yenye vipuri, holsta na magazini

Chagua aina iliyozagaa. Bastola adimu iliyotumika ina mvuto wake, hata mimi nazitazama, lakini springi ikichoka utaagiza ng'ambo na kungoja. Glock 19 na Glock 26 zina holsta kila mahali. CZ P-07, ambayo Wakenya wengi wataiita "Ceska" tu bila kujali namba yake, nayo imesambaa na ina faida moja ninayoipenda: ina nyundo inayoonekana. Unaporudisha bastola kwenye holsta nyundo ikiwa imeshushwa, dole gumba likiwa juu yake, litahisi nyundo ikianza kurudi nyuma kama kuna kitu kimeshika triga (kifyatulio). Glock haina nyundo ya namna hiyo, kwa hiyo holsta na uangalifu wako ndivyo vinavyobeba mzigo wote.

Andika jina kamili: mtengenezaji, namba ya aina, kizazi, na kama ina tochi au kioo cha kulengea juu yake. Bastola yenye tochi chini ya mtutu haiingii kwenye holsta ya bastola isiyo na tochi, na iliyo wazi hucheza ndani ya holsta ya yenye tochi.

Uliza pia kama aina hiyo iliwahi kurudishwa kiwandani. SIG P320 ni mfano: mwaka 2017 kiwanda kilitangaza mpango wa kuzirekebisha baada ya kuonekana kwamba zingeweza kufyatuka zikidondoka kwa pembe fulani. Ukiuziwa iliyotoka kabla ya hapo, taka ushahidi kwamba ilirekebishwa.

## Hatua ya 4: Mshipi, kisha holsta

Ndiyo, kabla ya bastola. Bastola moja ikifeli kwenye ukaguzi, nyingine ya aina hiyo itapatikana, na holsta haiozi. Kinyume chake ndicho huleta ile embe ndani ya soksi.

### Mshipi

Mshipi wa suti haufai. Unapinda, bastola inainama nje, na mpini unajichora. Shika mshipi kwa ncha mbili, uulaze ubapa, kisha jaribu kuukunja kwa upana. Ukikunjika kama karatasi, uache. Mishipi ya kazi ina tabaka mbili za ngozi au kipande cha plastiki ngumu katikati. Suruali inunue kubwa kwa inchi moja au mbili kama utavaa holsta ndani ya suruali.

### Triga ifunikwe yote

Sharti la kwanza la holsta, na halina mjadala: ifunike triga yote kwa kitu kigumu ambacho kidole hakiwezi kuisukuma kutoka nje.

Hili nililijua kwa maneno miaka mingi kabla sijalijua kwa masikio. Nilikuwa na holsta ya ngozi laini niliyoinunua kwenye duka moja katikati ya jiji, rahisi, imeshonwa vizuri, na kwa miezi minane ilinitumikia. Jioni moja nyumbani, bastola ikiwa tupu kwa sababu nilikuwa nikifanya mazoezi, niliirudisha kiunoni huku macho yangu yakiwa kwenye taarifa ya habari. Nikasikia "tak". Niliitoa nikaitazama. Mdomo wa holsta ulikuwa umelegea kwa jasho, ukajikunja ndani kama ulimi, ukaingia kwenye upinde unaozunguka triga. Bastola yenyewe ndiyo iliyosukuma triga yake. Kama ingekuwa na risasi, ingepita kwenye paja. Niliikata holsta ile kwa mkasi palepale ili nisije nikampa mtu.

Kwa hiyo mdomo wa holsta ubaki wazi hata bastola ikiwa nje. Plastiki ngumu kama Kydex hufanya hivyo yenyewe. Ngozi hufanya hivyo kama ina ukingo ulioimarishwa kwa tabaka la pili au bati jembamba. Holsta ya kitambaa ya "saizi zote" haifanyi hivyo, haijalishi bei wala maelezo ya muuzaji.

### Ngozi au plastiki?

Kwa Nairobi mimi ni mtu wa plastiki ngumu. Ngozi ni nzuri mwilini, haina kelele, lakini hunywa jasho na mvua za Aprili, na ikilowa hushika bastola kupita kiasi kisha hulegea. Plastiki hunawa kwa maji na sabuni. Ubaya wake ni kwamba inachubua rangi ya slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na mbele), na joto la ndani ya gari lililoegeshwa juani linaweza kuipinda.

### Ndani au nje ya suruali, na mahali gani

Ndani ya suruali hujificha vizuri zaidi. Nje ya suruali ni starehe, lakini inataka koti, na Nairobi ya Januari haina rafiki na koti.

Wauzaji hutaja mahali pa kuvaa kwa namba za saa: kitovu ni 12, nyonga ya kulia ni 3, mgongoni ni 6. Angalia hapo. Ni namba zilizochorwa usoni mwa saa, si saa tunazozitaja kwa mdomo. Nimemwona mtu aliyeambiwa "avae saa tatu" akaitafuta namba 9 na kuifunga upande wa kushoto, na yeye anatumia mkono wa kulia.

Upande wa namba 3 hadi 4 unafaa wanaoanza. Holsta ielekee mbele kidogo, takriban nyuzi 15, ili mpini ufuate ubavu. Mbele, karibu na kitovu, panajificha vizuri na mkono hufika haraka, lakini mdomo wa bastola unaelekea mahali ambapo hutaki kabisa ajali, na ukikaa garini mkanda wa kiti hubana hapohapo. Mgongoni katikati usivae. Ukianguka kutoka kwenye boda, unaangukia chuma juu ya uti wa mgongo.

Onyo: Klipu moja nyembamba ya plastiki huachia mshipi. Ukivuta bastola, holsta nayo inakuja, na unabaki umeshika vyote viwili kama muuza mihogo. Tafuta klipu mbili, au moja pana ya chuma yenye ndoana chini inayouma ukingo wa mshipi.

Umefaulu kama: holsta tupu imekaa kiunoni saa nne nyumbani, umekaa, umeinama, umefunga viatu, na haijasogea wala kukutoboa.

## Hatua ya 5: Kagua bastola kaunta

Nenda na holsta. Enda asubuhi, si dakika kumi kabla ya kufunga. Mwombe anayekuhudumia kwa heshima: "Mzee wangu, naomba niikague taratibu, nitakuonyesha kila ninachofanya." Muuzaji wa kweli hufurahi. Anayekuharakisha anajua jambo.

Kwanza, itoe risasi, yeye na wewe. Magazini nje, slaidi nyuma, tazama chemba (mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu) kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo. Elekeza mdomo mahali salama muda wote, na kidole kiwe nje ya triga. Hata kama umemwona akikagua, kagua tena. Hakuna muungwana atakayekasirika.

Namba. Glock ina namba kwenye fremu (mwili wa chini wa bastola), kwenye slaidi na kwenye mtutu. Zifanane zote, na zifanane na karatasi za muuzaji. Tarakimu moja ikitofautiana, simama hapo uulize. Namba ikiwa imekwaruzwa au kusagwa, weka chini, toka, usijadili punguzo.

Nje. Mikwaruzo ya holsta kwenye slaidi haina shida. Inaonyesha tu kwamba ilibebwa. Tafuta mengine: vichwa vya pini vilivyoumizwa (mtu alifungua bila kujua), alama za tupa kwenye triga (mtu aliilegeza), ufa kwenye fremu karibu na reli ambazo slaidi huteleza juu yake. Mara nyingi bastola iliyobebwa sana na kupigwa kidogo ni ununuzi mzuri kuliko ile inayong'aa iliyomaliza maelfu ya risasi uwanjani.

Mtutu. Ifunguliwe. Angaza tochi upande wa chemba, utazame kutoka mdomoni. Mistari ya mzunguko ionekane. Ukiona kivuli cha pete, duara moja jeusi linalozunguka mtutu, ni dalili kwamba risasi iliwahi kukwama humo na nyingine ikapigwa nyuma yake. Pitisha kucha upande wa nje pia, uvimbe unahisika. Mtutu wa namna hiyo ni taka.

Springi ya slaidi. Kwa Glock, irudishe pamoja, hakikisha tena ni tupu, elekeza mdomo juu kwa nyuzi 45 hivi mahali salama, bonyeza triga na uishikilie, vuta slaidi hadi nyuma, kisha iachie polepole kwa mkono. Inatakiwa ijifunge yenyewe hadi mwisho. Ikisimama njiani, springi imechoka. Hilo si tatizo kubwa, springi hubadilishwa, lakini liingie kwenye bei.

Triga na penseli. Ingiza penseli kwenye mtutu, kifutio kikiwa ndani, mdomo ukiwa juu. Bonyeza triga: penseli iruke. Kwa bastola yenye kishusha nyundo (kitufe cha kushusha nyundo bila kufyatua), kama P-07 nyingi, vuta nyundo kisha ishushe kwa kile kitufe: penseli isiruke hata kidogo. Ikiruka, usalama wake haufanyi kazi, na safari imeishia hapo. Baada ya hapo bonyeza triga tena na uishikilie, vuta slaidi na kuiachia, kisha legeza triga taratibu. Usikie na uhisi ikirudi mahali pake kwa "klik" moja.

Risasi bandia. Tia tatu kwenye magazini. Vuta slaidi kwa nguvu mara nne. Mvuto wa kwanza uingize moja, wa pili na wa tatu kila mmoja utupe moja na kuingiza nyingine, wa nne utupe ya mwisho. Kijino kinachovuta ganda kikiwa kimelika, ya kwanza itabaki chemba.

Magazini. Hapa watu hupita haraka, na ndiyo sababu ya matatizo mengi uwanjani. Tazama midomo ya juu: isiwe na ufa wala kupanuka. Sukuma kisukumio (kipande kinachopandisha risasi) chini kwa penseli. Kiteremke na kupanda bila kukwama. Kila magazini iingie kwa "klik" na ianguke ukibonyeza kitufe. Muuzaji akikupa magazini tatu za watengenezaji watatu, hesabu kwamba amekupa moja.

Holsta yako. Sasa ingiza bastola tupu kwenye holsta uliyokuja nayo, nje ya mwili. Isikike ikishika. Igeuze kichwa chini juu ya meza yenye kitambaa na utikise mara tano: isitoke. Kisha itoe: isihitaji mieleka.

Umefaulu kama: unaweza kumwambia muuzaji kasoro zote kwa majina, na bei imeshuka kwa gharama ya kuzirekebisha. Ukishikwa na haya, kumbuka pesa ni zako. Nimewaona watu wakiuziwa mbuzi kwenye gunia kwa sababu tu waliona aibu kuomba tochi.

## Hatua ya 6: Ipige uwanjani kabla ya kuiamini

Ukiweza kuipiga kabla ya kulipa, vizuri sana. Ukishindwa, muuzaji akubaliane nawe kwa maandishi kwamba utairudisha ikifeli. Karibu na Nairobi kuna uwanja wa Kirigiti huko Kiambu. Popote utakapoenda, mwambie msimamizi kwamba ni bastola iliyotumika unayoipima, naye atasimama karibu.

Tia risasi moja tu kwenye magazini, piga. Kisha mbili. Sababu ni hii: kama mtu aliichezea triga, bastola inaweza kupiga mbili kwa mbonyezo mmoja, na heri uligundue ukiwa na mbili kuliko kumi na tano.

Halafu piga 100 kwa vikao viwili, ukizungusha magazini zote. Zipe namba kwa rangi ya kucha: 1, 2, 3. Kila ikikwama, andika ni magazini ipi na ilikwama vipi. Tatizo likimfuata namba 2 popote, tupa namba 2. Likihama kutoka magazini hadi magazini, ni la bastola, irudishe. Kumbuka idadi ya risasi kwenye cheti chako. Panga vikao kulingana nayo.

Okota maganda machache. Alama ya pini iwe katikati na ya kina kimoja. Maganda yaanguke eneo moja upande wa kulia. Yakikurukia usoni, springi au kijino kina shida.

Umefaulu kama: risasi 100 zimekwenda bila kukwama, au zilizokwama zina mwenyewe anayejulikana.

## Hatua ya 7: Wiki mbili bila risasi

Fanya mazoezi na bastola tupu kwenye chumba kimoja, risasi zote chumba kingine, mlango umefungwa. Mavazi ya kazi. Dakika kumi jioni.

Kutoa: mkono wa kushoto unapandisha shati hadi kifuani, wa kulia unashika mpini kikamilifu bastola ingali ndani, inapanda wima, kidole kimenyooka ubavuni mwa slaidi. Usiharakishe. Kasi huja yenyewe.

Kurudisha ndiyo kazi yenyewe, na ajali nyingi ziko hapa. Simama. Kidole nje ya triga. Tazama holsta kwa macho: hakuna shati, hakuna kamba ya koti, hakuna utepe wa kufungia suruali ya mazoezi. Ingiza polepole. Ukihisi inagoma, usisukume, itoe, angalia. Hakuna tuzo ya kurudisha bastola haraka, hakuna hata anayekutazama.

## Hatua ya 8: Siku za kwanza nje

Siku tatu za mwanzo nenda mahali unapopafahamu vizuri.

Garini. Pitisha mkanda wa kiti chini ya shati, nyuma ya mpini, ili usikwame. Foleni ya barabara ya Thika itakuonyesha kama holsta yako ni ndefu mno. Usiiache bastola garini.

Kiti cha plastiki. Kule kwenye nyama choma, mgongo wa kiti una matundu na shati hupanda. Chagua kiti chenye ukuta nyuma. Na kama utakunywa hata moja, bastola ibaki kwenye sefu tangu nyumbani. Ukilewa huku una silaha kiunoni umeipa Bodi sababu ya kukunyang'anya cheti, na itakuwa na haki.

Choo cha kituo cha petroli. Usiining'inize bastola kwenye ndoano ya mlango na usiiweke juu ya tangi la maji. Nyingi zimesahauliwa pale. Ibaki ndani ya holsta, holsta ndani ya suruali, suruali ikishikiliwa kati ya magoti.

Maduka makubwa, mahakama, ofisi za serikali. Mlinzi akikuuliza, sema mapema na kwa sauti ya chini, mikono ikionekana, kabla hajakugusa: "Ndugu, nina silaha yenye leseni upande wa kulia. Nifanyeje?" Fuata utaratibu wao, hata kama ni kurudi nyumbani. Usiinue shati kumwonyesha. Cheti kiwe mfuko wa kushoto ili mkono wako wa kulia usielekee kiunoni.

Ugomvi. Ukigongwa taa na mwenye probox, omba radhi hata kama kosa ni lake. Kupapasa kiuno ili aone ni kutishia kwa silaha.

Ikipotea au kuibwa, ripoti kituo cha polisi mara moja, uchukue namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Cheti huhuishwa kila mwaka. Weka ukumbusho kwenye simu miezi miwili kabla.

Na skrubu za holsta. Hulegea kwa mtikisiko, hasa kwa anayetumia matatu. Kaza, kisha chora mstari mwembamba wa ile rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye holsta. Kila Jumapili utazame: mstari ukikatika katikati, skrubu imegeuka.